Umecheka na Nani? Maisha ya Letisia Wilibaldi Nangonga (1948–2025)

Baba Paroko, masista, Shehe na wazee mliotoka Malolo, viongozi wa kata yetu ya Marambo, wanakwaya, majirani, na ninyi wafiwa wenzangu. Mvua ya juzi imeharibu njia, na bado mmefika, wengine mkiwa mmeshika viatu mkononi, na familia inawashukuru kwa hilo kabla ya neno jingine. Mimi ni Dominiko Wilibaldi Nangonga wa Naipingo, kaka wa marehemu wa tumbo moja, na kwa desturi yetu ndiye mjomba wa watoto wake, kwa hiyo kazi ya kuyasoma maisha yake imeangukia kwangu. Majina nimeyaandika kamili, kwa sababu marehemu hakupenda mtu aitwe yule mama wa kule bondeni, alisema kila mama wa bondeni ana jina na ana baba yake.

Letisia alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Marambo, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Wilibaldi Nangonga, aliyeendesha trekta katika mpango wa karanga wa Nachingwea mpaka mpango wenyewe ulipokufa, na Bibi Brigita Chilumba, mkulima, wote wawili sasa ni marehemu. Mimi ndiye wa kwanza, na kati yetu alikuwapo Agatha, aliyefariki kwa surua akiwa na umri wa miaka minne. Tulibaki wawili, mimi mkimya na yeye msemaji, na mama alizoea kusema kwamba Mungu alitupa fungu moja la maneno tugawane, Letisia akafika kwanza.

Alianza shule ya misheni hapa hapa Marambo mwaka 1955, akaendelea na shule ya kati ya wasichana kwa masista wa Ndanda mwaka 1959, akamaliza darasa la nane mwaka 1962. Mwaka uliofuata reli ya Nachingwea iling'olewa, na mimi niliyekuwa karani wa stesheni nikarudi nyumbani na sanduku langu, naye akanipokea njiani akicheka, akasema, "Kaka, watu wengine hukimbiwa na wake, wewe umekimbiwa na reli nzima." Baba alikasirika. Mimi nilicheka, na nakumbuka kwamba jioni ile nilikula, wakati siku mbili kabla ya hapo chakula kilikuwa hakipiti.

Mwaka 1966 alichaguliwa kwenda chuo cha maendeleo ya jamii Tengeru, na tarehe 2 Januari 1968 aliripoti kazini Ruangwa, wakati ule Ruangwa haijawa wilaya, akiwa Bibi Maendeleo. Serikali ilimpa baiskeli nyeusi ya kike, yenye kengele iliyosikika vijijini kabla yeye mwenyewe hajaonekana, na kwa baiskeli hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba akifundisha kuchemsha maji, kuchimba choo, kuchanganya mboga na karanga kwenye uji wa mtoto. Kila nyumba aliyoingia aliuliza maswali matatu, nayo wengi wenu mnayajua kwa moyo, umekula nini, umelala vipi, umecheka na nani. Mkubwa wake wa kazi alimwuliza swali la tatu linahusiana vipi na choo, naye akamjibu kwamba mtu asiye na wa kucheka naye hachimbi choo, maana atamchimbia nani.

Mwezi Juni mwaka huo huo wa 1968 alifika Malolo kwa mara ya kwanza, na huko alikutana na Bibi Sikudhani binti Ismaily, wakati huo msichana wa rika lake, ambaye tangu jana yuko nasi hapa, amekaa upande ule wa akina mama karibu na nguzo. Kwa wageni wetu waliotoka Dar es Salaam nieleze kidogo. Ukoo wetu sisi Wamwera na ukoo wao wale Wayao ni watani tangu babu zetu walipozikana, na mtani kwa desturi ya huku anaruhusiwa kukutukana, kuchukua kitu chako bila kuomba, na kukucheka mbele za watu, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Mtani ndiye anayefagia uwanja, anayepika, anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke huku wanalia, na siku ya kuanua tanga yeye ndiye anayekunja mkeka wa msiba na kumwambia mfiwa inuka, kaoge, shamba linakungoja. Mfiwa hajikunjii mkeka mwenyewe.

Basi siku hiyo, Letisia alipotaja ukoo wake, Sikudhani alichukua baiskeli ya serikali, akaiingiza ndani kwake, akafunga mlango.

Letisia akamwambia, "Hiyo ni mali ya umma."

Sikudhani akajibu kwa ndani, "Umma ndio sisi. Lete kuku."

Kuku alitafutwa akapatikana, baiskeli ikatoka, yule kuku wakamla wote wawili, na kuanzia siku ile hapakuwa na msiba, harusi wala jando katika nyumba hizi mbili ambapo mmoja wao alikosekana.

Tarehe 25 Septemba 1971 Letisia alifunga ndoa katika parokia ya Ruangwa na Bwana Felisian Chinguile, seremala, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Agatha aliyezaliwa tarehe 8 Agosti 1972, akachukua jina la dada yetu, Geofrey aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1976, na Ivan, kitindamimba, aliyezaliwa tarehe 17 Mei 1984. Mwaka 1973, katika kampeni ya afya iliyosikilizwa redioni kwa vikundi, alisimamia vikundi vya Ruangwa na Malolo, Agatha akiwa mgongoni, na mume wa Sikudhani, Bwana Kaimu Chilombe, ndiye aliyekabidhiwa kuitunza redio ya kikundi. Kampeni iliisha lakini Bwana Kaimu hakuacha redio tena maishani mwake, alitembea nayo sikioni mpaka shambani, na akisikia muziki wa taarifa ya habari alisimama popote alipo na kuamuru, "Kimya!" hata kama mbele yake walikuwapo mbuzi tu.

Bwana Felisian alifariki tarehe 19 Julai 1999. Kwenye msiba ule Sikudhani alivaa aproni yake ya useremala, akalipima jeneza kwa futi, akatangaza kwamba kazi ni mbovu, marehemu angeona haya kulala ndani yake, na mjane alicheka mpaka akaegemea ukuta. Siku ya tatu mkeka ukakunjwa, na baada ya arobaini Letisia alikuwa amerudi kazini. Alistaafu tarehe 30 Juni 2003, akarejea hapa Marambo kwenye ardhi ya mama yetu, akalima mbaazi na ufuta, akaimba sauti ya pili katika kwaya, na mwili wake ulikuwa na nguvu.

Sasa nafika mahali pagumu, na familia imekubaliana kwamba tusiparuke, kwa sababu bila hapo mtu hatamjua Letisia alikuwa nani.

Tarehe 3 Novemba 2012 mwanawe Ivan, aliyekuwa dereva wa bodaboda, aligongwa na lori kati ya Nachingwea na Ruangwa, akafariki pale pale akiwa na umri wa miaka ishirini na nane. Watani walifika kutoka Malolo kama inavyopasa, na siku ya mazishi Bibi Sikudhani alitokea nyuma ya nyumba akiwa amevaa koti la Ivan na helmeti yake, ameshika usukani usiokuwapo, ananguruma kwa mdomo, akapita katikati ya akina mama waliokaa chini akipaza sauti, "Pisheni! Abiria wa Ruangwa! Abiria wa mbinguni nauli nusu, watoto bure!" Hakufanya kosa, alifanya kazi yake kama alivyoifanya kwa Felisian, na wachache walianza kucheka. Letisia akasimama. Alisema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia, "Vua. Vua nguo ya mwanangu, uondoke kwangu, na usirudi."

Katika maisha yangu nilikuwa sijaona mtani akifukuzwa msibani. Sikudhani alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kizingitini na helmeti juu yake, akaondoka bila kula, na wanawake wote wa ukoo wake wakaondoka naye, na mafagio yao na vyungu vyao. Siku ya tatu ilipofika hapakuwa na mtu wa kukunja mkeka. Tulisema tungoje arobaini, arobaini ikapita, na mkeka ukabaki pale pale barazani, na Letisia juu yake.

Wengi walidhani amepona, kwa kuwa alilima. Alitoka alfajiri na kurudi jua likiwa limezama, mbaazi zake hazikuwa na gugu hata moja, dawa za shinikizo alizimeza kwa saa yake, kliniki hakuikosa, na ukimtazama mwili tu ungesema huyu ni mzima. Lakini hakuimba tena. Jumuiya iliposali kwake aliweka viti nje, yeye akabaki ndani. Geofrey, aliyekuwa na pikipiki yake ya kazi, alikatazwa kuiingiza uani, akawa anaiacha barabarani kila anapokuja. Usingizi ulimkimbia Letisia, na yale maswali matatu, aliyowauliza watu wa Ruangwa kwa miaka thelathini na mitano, hakumwuliza mtu tena, na sisi tuliomzunguka hatukujua namna ya kumwuliza yeye.

Tarehe 11 Machi 2014 alianguka shambani, akapelekwa Nachingwea hospitalini, ambako alitibiwa na Daktari Ildefonsi Liyumba. Daktari alimpima, akamwandikia dawa, halafu akamwuliza kama anakula, naye akasema anakula. Daktari akauliza, "Unakula na nani, mama?" Letisia akageukia ukutani. Nilipotoka nje daktari alinifuata, akaniambia kwamba shinikizo litashuka kwa dawa, lakini dada yangu ana sonona, nayo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, itatibiwa na yeye ataanza kuitibu, ila asiachwe peke yake, na akauliza kama tunaye mtu wa kumchekesha. Nikamwambia tunaye. Akasema, "Basi mwiteni, mzee, mnangoja nini?"

Daktari alikuwa mgeni huku, na ilinibidi nimweleze. Mtani aliyefukuzwa msibani harudishwi kwa salamu wala kwa mjumbe, hurudishwa na msiba mwingine, na msiba hauombwi. Kwa hiyo tulikaa, nyumba ya Marambo na nyumba ya Malolo, wazee wawili wanawake wanaopendana, kila mmoja akiuliza habari za mwenzake kwa watu wa mnadani, na hakuna aliyeweza kuvuka.

Tarehe 21 Septemba 2016 Bwana Kaimu Chilombe alifariki nyumbani kwake Malolo kabla ya jua kuchomoza. Binti yake, Mwanawetu, alinipigia simu mimi. Hakuomba kitu, alisema tu, "Mjomba, baba ametutoka, tunazika alasiri," akakata. Nilimkuta Letisia anapukuchua mbaazi, nikamwambia hivyo hivyo, naye akaendelea kupukuchua kwa muda kabla hajaniuliza, "Basi la Ruangwa limeshapita?" Nikasema limepita. Geofrey alikuwa amesimama mlangoni, na pikipiki yake iko kule barabarani. Mama yake alimtazama, akatazama barabarani, akaweka ungo chini.

"Ilete hapa," akasema.

Geofrey hakuelewa. "Nilete nini, mama?"

"Hicho chuma chako. Au nitakwenda Malolo kwa miguu, nifike wakati wa arobaini?"

Akaingia ndani, akatoka na helmeti ya Ivan, akaivaa juu ya kilemba, akapanda kwa kuegemea bega la mwanawe. Alimwambia aendeshe kama aliyebeba mayai, akizidisha mwendo atapata ngumi ya mgongo. Mimi nilifuata kwa pikipiki nyingine, nikaiona ile helmeti mbele yangu njia nzima, na walipopita mahali alipoanguka Ivan niliona imeinama mpaka ikagusa mgongo wa Geofrey, halafu ikainuka.

Tulifika Malolo maiti haijatoka. Akina mama walipomwona Letisia walisogeza mikeka wakampisha. Hakuingia ndani alikokuwa mjane. Alikwenda barazani palipowekwa vitu vya marehemu, akaichukua kofia ya Bwana Kaimu akaivaa, akaiweka redio yake sikioni, akaanza kutembea uwanjani kwa mwendo wa Kaimu, ule wa kuburuta ndara, na alipofika katikati akasimama ghafla na kidole juu.

"Kimya!" akasema. "Taarifa ya habari! Nasema kimya, hata wewe mjane huko ndani, unalia nini na habari zenyewe hazijaisha?"

Kisha ndani ya nyumba kikasikika kicheko, kile cha Sikudhani, ambacho Malolo nzima inakijua, kikapanda, kikavunjika kikawa kilio, na ndani ya kilio ikaja sauti, "Mchawi wewe! Umechelewa miaka minne, na umekuja kuniibia redio!"

"Nimekuja kuhakikisha," Letisia akajibu. "Asije akaamka kusikiliza mpira."

Alibaki Malolo mpaka tanga likaanuliwa, akafagia uwanja kila asubuhi, na siku ya tatu ndiye aliyeukunja mkeka.

Bibi Sikudhani alikaa eda, na ilipokwisha, mwezi Februari 2017, alipanda lori la nyanya akaja Marambo akiwa na fagio begani. Hakupiga hodi ya kawaida. Alisimama njiani akapaza sauti kwamba nyumba hii inanuka msiba uliochacha, mwenye nyumba ajitokeze. Alifagia uwanja wote, mpaka nyuma ya choo, akaomba koti la Ivan akalivaa, akaketi kwenye mkeka kando ya Letisia, na safari hii hakunguruma. Halafu Sikudhani akanyoosha mkono akasema, "Nauli," Letisia akaita mtoto akamate kuku, na ndipo akacheka, akacheka mpaka akalala ubavu, na kilio cha miaka yote minne kikatoka. Mkeka ulikunjwa. Kesho yake jua lilikuwa limepanda sana na Letisia hajaamka, Agatha akagonga mlango kwa hofu, naye akajibu kwa hasira kwamba hata kulala mnanikataza.

Tangu hapo Mungu alimpa miaka minane, nami nikiifikiria naona ndiyo aliyoiishi kwa kipimo. Asubuhi alilima, lakini jua likikaza alirudi nyumbani akalala kidogo, akasema jembe lisilopumzika huvunjika mpini. Jioni hakuwa na kazi ila watu. Alirudi kwenye kwaya. Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikwenda Malolo, au Sikudhani alikuja huku, na njia nzima watu waliwasikia wakitukanana. Kliniki hakuiacha, dawa za daktari alizimeza mpaka aliporuhusiwa kuzipunguza, na aliwakemea waliodhani kicheko kinashusha shinikizo. Akina mama waliofiwa aliwaendea bila kuitwa, akawauliza maswali yake matatu, kisha akakaa kimya kungoja jibu, jambo ambalo zamani, kwa jinsi alivyokuwa msemaji, hakuliweza.

Na Alhamisi ilikuwa ya kwangu. Ile baiskeli ya serikali ilikuwa imekufa zamani, lakini kengele yake alikuwa ameing'oa, akaifunga kwenye keria ya pikipiki ya Geofrey, na Alhamisi alasiri niliisikia kutoka mbali, kabla ya injini, nikaweka maji ya chai jikoni. Aliniletea ming'oko, vile viazi pori vya huku, msimu wake, mabibo msimu wake, mbaazi zilizobaki. Hakukaa kabla hajaniuliza. Nilijua kujibu mawili ya kwanza. La tatu nilimwambia mara moja kwamba nimecheka na redio, naye akasema, "Redio haikucheki wewe, kaka, inawacheka watu wa Dar." Basi nikawa, Jumatano jioni, natoka kwenda kukaa kwa jirani yangu Mzee Ismaily Mkwinda, ili kesho yake niwe na jina la kumtajia.

Mwezi Agosti 2024 Letisia alianza kuvimba miguu, na madaktari wakagundua kwamba figo zimechoka kwa shinikizo la miaka mingi. Alilazwa mara tatu. Bibi Sikudhani alikuwa akija kumtazama, na mara ya mwisho, mwezi Januari, alipomkuta hawezi kuketi alimwambia kwamba anajifanya mgonjwa ili akwepe palizi. Letisia akatabasamu, akamshika mkono, akasema, "Mtani, siku yangu usikae kimya. Vaa gauni langu la kwaya, upige kengele." Sikudhani akajibu kwamba gauni lenyewe halitamwenea, ni la mtu mwenye njaa, ila kengele ataipiga mpaka wafu wa Marambo waombe uhamisho. Mimi nilikuwapo, na Geofrey alikuwapo. Tarehe 11 Februari 2025, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, Letisia aliaga dunia hospitalini Nachingwea, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, Agatha amemshika mkono. Ameacha watoto wawili, wajukuu saba na vitukuu wawili.

Familia inamshukuru Daktari Ildefonsi Liyumba, aliyesafiri kutoka kituo chake kipya ili kuwapo leo, na wauguzi wote waliomhudumia Letisia. Tunawashukuru majirani waliokesha nasi, wanajumuiya, wanakwaya, wastaafu wenzake wa maendeleo ya jamii kutoka Ruangwa, akina mama wa Naipingo waliotuletea kuni kavu katika mvua hii, Shehe na ndugu zetu Waislamu wa Malolo, na Mzee Ismaily Mkwinda, ambaye huenda hajui kwa nini nilikuwa namtembelea kila Jumatano, na sasa amejua.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi nilipokuwa navaa kuja huku niligundua kwamba nimeweka maji ya chai jikoni, ya vikombe viwili, na nikasimama pale nikisikiliza upande wa barabara. Sikusikia kitu. Nadhani nitaendelea kusikiliza Alhamisi zote nitakazopewa.

Limebaki neno moja, nalo si la marehemu, ni la Bibi Sikudhani binti Ismaily. Tangu ulipofika jana hujasema kitu, na wanawake wa ukoo wako wamekaa na mafagio mapajani wakikutazama wewe. Tunajua sababu, uliwahi kufukuzwa katika uwanja huu huu, na yule aliyekuita tena ndiye tunayemzika. Watoto wa Letisia, Agatha na Geofrey, wameniomba nikuambie kwamba hawataki kubaki juu ya mkeka kama alivyobaki mama yao. Gauni lake la kwaya lipo hapa mezani, limepigwa pasi, na kengele ipo juu yake.

Mimi pia ni mtani wako, tangu tumezaliwa, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukutania hata mara moja, maneno hayo aliyamaliza mdogo wangu kabla sijafika. Leo hayupo, kwa hiyo nitajaribu. Sikudhani binti Ismaily, wewe ni mwizi wa baiskeli, ni mlafi wa kuku za watu, na kama umetoka Malolo kuja kula wali wetu bila kufanya kazi, basi lori la nyanya lile pale, panda urudi kwenu.

Letisia, mdogo wangu, umelima vya kutosha, lala sasa kwa amani ya Mungu. Sisi tunangoja kengele.